Kobe na Dai la Rangi Tatu

Jina la Kobe nilimpa mimi, dada yake. Tangu mdogo, ukimkaripia kidogo tu anajikunyata, kichwa kinaingia mabegani, na hakitoki mpaka aliyekaripia ajiondokee. Nilidhani atakua aache. Alikua, akaingia chuo kikuu, akasoma hisabati mpaka mwaka wa mwisho, na mabega yakawa yale yale.

Mwaka huo wa mwisho kila mwanafunzi wa idara yao hufanya utafiti wake mwenyewe chini ya msimamizi. Msimamizi asiposaini, mwanafunzi hahitimu. Kobe alipangiwa Profesa, mama mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, ambaye nusu ya walimu wa pale walipita mikononi mwake. Akimtaja nyumbani, mdogo wangu alikuwa anashusha sauti kama vile Profesa yuko jikoni anasikiliza. Mimi ni fundi cherehani, siogopi mtu aliyevaa miwani ya uzi, lakini nilimwachia heshima zake.

Kazi yenyewe alinieleza Jumapili moja kwenye meza yangu ya kukatia. Alimwaga vifungo, akaviunganisha kwa vipande vya uzi.

"Dada, chukulia kila kifungo ni nukta. Vifungo viwili vikishikana kwa uzi, visiwe na rangi moja. Profesa anasema kuna aina fulani ya michoro ambayo hata iwe mikubwa vipi, rangi tatu zinatosha. Amelishughulikia dai hilo miaka, kimebaki kipande kimoja kukithibitisha. Ndicho alichonipa."

"Na zisipotosha?"

"Zinatosha. Profesa ameshasema."

Basi akazama. Muhula wa kwanza haujaisha, akarudi kwenye meza yangu na karatasi yenye mchoro mdogo wa aina hiyo hiyo, nukta kumi na tatu tu. Akapanga vifungo kama ulivyo mchoro. Vyekundu, vyeupe, vyeusi. Kila akijaribu, kifungo cha mwisho kinagoma: cheupe hakikubali, cheusi hakikubali, chekundu ndiyo kabisa. Alivipangua na kuvipanga upya mchana kutwa, na mteja wangu mmoja akaondoka bila vifungo vyake.

"Weka cha kijani tukale," nikamwambia.

"Kijani ni rangi ya nne, Dada."

"Basi Profesa wako kakosea."

Alinitazama kama niliyemtukania mama. Ni yeye mwenyewe aliyewahi kunifundisha kwamba kwenye hisabati mifano elfu inayotii haithibitishi kitu, ila mmoja unaokataa unatosha kulivunja dai lote. Mmoja anao mkononi, na bado ananiambia, "Mtu kama yule hawezi kupitwa na kitu kidogo hivi. Nimekosea mimi, sijui tu wapi."

Na kwa kuwa hakujua wapi, aliona aibu kwenda kuuliza. Wiki ya kwanza alisingizia mafua. Wiki ya pili akapitia ngazi za nyuma. Baada ya hapo akakariri ratiba ya Profesa kuliko Profesa mwenyewe, si ili amwone, bali ili wasikutane. Siku moja alimwona anakuja kwenye korido, akajitumbukiza kwenye stoo ya vifaa vya usafi, akasimama kati ya ndoo. Mama wa usafi akafungua mlango.

"Kaka, unatafuta nini humu?"

"Ufagio."

Akapewa ufagio, na kwa kuwa mama wa watu alibaki anamwangalia, ikabidi afagie korido mpaka mwisho. Alinisimulia akicheka, halafu katikati ya kicheko uso ukamshuka.

Kilichoharibu zaidi ni simu. Profesa alikuwa anamtumia ujumbe: umefika wapi, njoo tuongee. Naye anajibu, "Naendelea vizuri Mwalimu, bado kidogo." Nilimwambia mara ngapi! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akanijibu kwamba mimi sijui mambo ya chuo. Kweli sijui, ila neno "bado kidogo" nalijua, ndilo ninalowaambia wateja ambao nguo zao sijazigusa.

Profesa aliliamini. Ukafika wakati wa mhadhara wa wazi wa idara, wageni wanatoka vyuo vingine, na yeye ndiye mzungumzaji. Akamwandikia Kobe aje na familia yake, maana angemtaja mbele za watu. Mama aliposomewa ule ujumbe, alinitaka nimshonee gauni jipya. Kobe aliacha kula.

Siku moja kabla ya mhadhara nilimfukuza nyumbani aende akaseme ukweli. Kufikia hapo alishaurudia ule mchoro kwa kila njia, alishajua hakukosea. Alifika hadi mlangoni kwa Profesa. Akasikia ndani anacheka na wageni wake, akarudi. "Nisingeweza kumkatiza," akaniambia. Nilitamani kumtwanga.

Asubuhi yake tukakaa mstari wa mbele, Mama na gauni lake, mimi, na Kobe katikati yetu kama mtu aliyekamatwa. Profesa aliongea vizuri, hata mimi nikadhani naelewa. Alipofika mwisho akanyoosha mkono kwetu.

"Kipande kilichobaki anakimalizia mwanafunzi wangu, yule pale. Simama mwanangu, watu wakuone."

Akasimama. Mama akapiga makofi kuwashinda wote. Karatasi ya mchoro ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, niliiona inavyochungulia. Ilikuwa nafasi yake ya kusema. Akakaa.

Yalipofika maswali, mgeni mmoja kijana, mikono ya shati ameikunja, aliomba chaki kwa adabu. Akaanza kuchora nukta. Hajafika hata nusu, Kobe akaninong'oneza, "Ndio wenyewe, Dada."

Profesa aliutazama ubao. Akachukua chaki, akajaribu rangi moja, akafuta, akajaribu nyingine. Mwishowe akaiweka chaki chini.

"Ndiyo," akasema. "Dai si kweli. Ahsante."

Nyuma kuna mtu alicheka kidogo. Mama akanivuta mkono. "Wamemfanya nini mwalimu wa watu?"

Watu walitoka wakipishana kumpa Profesa mkono bila kumtazama machoni. Sisi tulibaki, maana Kobe alikuwa hanyanyuki. Profesa mwenyewe ndiye aliyekuja. Nikamsogeza Mama pembeni, lakini masikio niliyaacha pale pale.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umemnong'oneza dada yako kabla mgeni hajamaliza kuchora. Nimekuona. Ulikuwa unaujua ule mchoro?"

Alitoa karatasi mfukoni, akampa. Profesa aliisoma amesimama, kisha akakaa kwenye kiti cha Mama.

"Tangu lini?"

"Tangu muhula wa kwanza."

"Uliogopa nitakufokea?"

"Niliona aibu, Mwalimu. Nilidhani nimekosea mimi. Halafu nilipojua sijakosea, nikaona aibu zaidi."

Profesa alivua miwani. "Nimelitafuta hili jibu miaka, ndiyo au siyo, lolote. Ungegonga mlango wangu ukaniambia siyo, ningekukumbatia. Leo ningesimama pale na mchoro huu, na jina lako juu yake." Akaikunja karatasi, akamrudishia. "Sasa ni wa yule kijana. Na ni haki yake. Yeye aliuonyesha. Kesho lete fomu nisaini, kazi uliifanya."

Kama angemfokea, nadhani mdogo wangu angepata nafuu. Aliinamisha uso kwenye viganja, na mimi hasira zangu zote za mwaka mzima zikaisha, nikabaki naona haya pamoja naye.

Mama alikuwa ameshachoka kusubiri. Alinipita, akamshika Profesa mikono yote miwili, uso umejaa furaha.

"Ahsante Mwalimu kwa kunilelea kijana. Sisi hatujasoma, hatujui mnayoyafanya, ila nilikuwa namwombea akufae."

Profesa alimtazama Kobe, kisha akamtazama Mama.

"Ana akili sana, Mama. Jibu alilijua kabla yangu."

"Unasikia?" Mama akamgeukia, akampigapiga mgongoni. "Unasikia anavyokusifu?"