Baki la Elfu Sabini

Mwanaharusi wa mjini Dunda alikuwa msusi wa mikeka, lakini wanawake wenzake walimtafuta zaidi kwa hesabu. Palipofiwa, na tahlili ya marehemu, ile La ilaha illa Llah ya kumwombea, ikatakiwa itimie mara elfu sabini, yeye ndiye aliyewagawia wasomaji. Alikuwa akisema elfu sabini ni hesabu yenye adabu. Waje watu ishirini na wanane, kila mmoja atapata elfu mbili na mia tano. Waje kumi na sita, watagawana sawasawa vilevile. Ila wakija tisa, kila mmoja atachukua elfu saba mia saba sabini na saba, na saba zitabaki. Hapo wavivu walianza kutazama dari, naye akakata maneno: baki ni langu.

Mwaka 1889 vita viliutawanya mji, na mumewe, Mrisho, akafa kwa homa. Wa kugawana nao hawakuwapo. Basi, akiwa katika eda, akazibeba zote peke yake: siku arobaini, kila siku elfu moja mia saba na hamsini, bila baki. Tasbihi yake ya punje mia ilipotea katika kukimbia, akatumia ya Mrisho. Kila akimaliza mzunguko alitia kikapuni kokwa moja ya ukwaju, akaihesabu mia. Sauti ilimkauka, mgongo ukamuuma, pengine alisinzia kati ya neno na neno. Alichotaka ni kimoja tu: haki ya mumewe itimie.

Siku ya arobaini, adhuhuri, kokwa ya mia saba ilikuwa imeingia kikapuni wifi yake Ashatu, dada wa Mrisho, alipofika kutoka Saadani. Wakapeana pole, wakalia. Ashatu akaitwaa tasbihi ya kaka yake, akaipapasa, akauliza kama ndiyo aliyoisomea. Aliijua vizuri, maana ndiye aliyeitunga. Ilikuwa na punje tisini na tisa.

Mtu wa hesabu, na punje zenyewe hakuzihesabu! Mwanaharusi alikuwa amechoka hata hasira hazikumjia. Kila mzunguko ulipungua moja, na mizunguko ilikuwa mia saba. Ashatu akamwambia kwamba Mungu anaijua nia yake, akalale. Mwanaharusi alitamani sana kumtii.

"Mizunguko saba ya tasbihi hii," akasema, "na saba zinabaki."

"Nipe mimi zote, wifi. Umechoka."

"Chukua mizunguko. Baki ni langu."

Ashatu akasoma mpaka akamaliza. Mwanaharusi akaanza zake taratibu, na alipofika ya sita akanyamaza. Siku arobaini alikuwa na kazi ya kumfanyia Mrisho. Sasa ilibaki moja, na baada ya hiyo Mrisho atakuwa amekufa kweli. Akaogopa. Ashatu akamngoja, wala hakumhimiza.

Kisha akaisema. Kidole chake kikasogeza punje nyingine, na hapakuwa na cha kuhesabu.