Gumato na Leya ya Malka

Gumato binti Hirbo hakuwa mtu wa kukunja uso ovyo, lakini asubuhi ile aliukunja mara tu alipofungua mlango wa ofisi. Mkuu wake, Masha, alikuwa amekalia kiti chake, mbele ya kompyuta yake, shavu limevimba kwa majani ya muguka anayoyatafuna. Kidole chenye rangi ya kijani kilikuwa kikitembea juu ya kioo, na kila kilipopita kiliacha alama. Bwana mzima, amesoma, shati limepigwa pasi, hajui hata kujifuta mkono! Kinyaa kilimpanda Gumato mpaka kooni.

"Mamangu Gumato," Masha akasema bila kugeuka, "Kiswahili ulifundishwa na nani wewe? Umeandika hapa MALKA. Malkia ina herufi i. Na huyo malkia anatafuta nini kwenye ramani ya shamba?"

Na alikuwa ameshasahihisha, maskini ya Mungu. Pale Gumato alipoandika MALKA pakasomeka MALKIA, naye Masha akacheka peke yake, majani ya muguka yamemnata kwenye meno.

Tumsamehe kidogo, alikuwa mgeni, katoka Kilifi juzijuzi. Lakini mtu anayekuja kuchora ardhi ya Tana bila kujua malka ni nini, bora angekaa kwao. Malka ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni. Mashamba ya Wapokomo yako ukingoni, malisho ya Waorma yako nyuma huko nyikani, na katikati lazima paachwe nafasi mifugo ipite ikanywe bila kukanyaga mahindi ya mtu. Malka ikizibwa, ng'ombe hawafi kiu wakitazama maji, hupita shambani. Wakipita shambani, watu huchukua mapanga. Mji mzima wa Garsen unalijua hilo, na wengine walilijua kwa kuzika.

Gumato mwenyewe alikua akipita malka hiyo hiyo nyuma ya ng'ombe wa baba yake, marehemu Hirbo, miguu imezama topeni hadi magotini. Mama yake aliuza maziwa sokoni Garsen hadi binti akamaliza chuo cha ufundi, akarudi na kazi ya kuchora kwa kompyuta. Alikuwa na wivu na usafi wa michoro yake. Mchoro wa kompyuta hupangwa kwa leya, mfano wa karatasi nyembamba zilizolaliana: mto leya yake, barabara yake, ua yake. Kila leya ina picha ya balbu pembeni. Ukiibonyeza, balbu huzimika, na vyote vilivyomo ndani ya leya hiyo havionekani tena, ingawa vimo. Wachoraji wavivu hurundika kila kitu kwenye leya moja, na mchoro wa namna hiyo ulimchefua Gumato kama unywele kwenye ugali.

Alimweleza Masha malka ni nini. Masha alitafuna, akasikiliza, akaelewa vizuri sana. Hapo ndipo ubaya ulipoanza, maana alipokuwa hajui alikuwa mjinga tu.

"Basi izime," akasema.

"Niizime?"

"Ua wa mwekezaji anayekuja kulichukua shamba hili unakatiza hapo hapo. Wazee wakiuona huo mstari mwekundu wa malka wataanza kelele. Mimi sikuambii ufute. Zima balbu. Kuzima si kufuta."

Gumato aliyarudia maneno hayo moyoni. Kuzima si kufuta. Kazi Garsen haziokotwi njiani, na mama yake alikuwa ameshaacha kuuza maziwa. Halafu akajipa moyo kwa hesabu yake mwenyewe: wazee wa Kiorma watazame ramani isiyo na malka, wanyamaze? Haiwezekani! Watauliza wao, watapiga kelele wao, malka itarudi, na yeye hatakuwa amesema neno. Akabonyeza. Mstari mwekundu ukatoweka, ua wa mwekezaji ukabaki umenyooka, safi, wa kupendeza macho. Usafi ule ule aliouringia ukamkirihi.

Jioni ile alipita nyumbani kwa ami yake, Jibril, mdogo wa baba yake na msimamizi wa malka ile. Akapewa maziwa, akanywa, akasifu kwamba ni matamu.

Siku ya baraza watu walijazana katika darasa la shule. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, jenereta ikanguruma nje, na ramani ikaonekana kubwa, kila mtu anaiona. Mwekezaji alizunguka akiwapa wazee mkono, na alipomaliza akachomoa kitambaa chenye manukato akajifuta vidole kimoja kimoja, mbele yao.

Masha akaeleza mto, barabara, ua. Akauliza kama kuna swali kabla wazee hawajatia gumba kwenye karatasi ya kukubali. Gumato, mkono uko kwenye kipanya, alisubiri kelele. Aliyeuliza akawa mzee Gunga, Mpokomo mwenye shamba jirani.

"Jibril, ndugu yangu, mbona siioni malka? Ng'ombe wenu watashukia wapi?"

Ami Jibril akacheka, akampiga Gunga bega. "Malka hapana chorwa, Gunga. Malka najulikana. Ya nini kuchora kitu watu yote najua? Ukichora, kesho mtu nauliza ni ya nani." Kisha akamnyooshea Gumato bakora kwa fahari. "Na hii ramani nachora mtoto ya Hirbo. Yeye naweza acha kitu mbaya?"

Wazee wakaitikia kwamba ni kweli. Hesabu yote ya Gumato ikaporomoka hapo. Hawakuuliza kwa sababu malka kwao haikuhitaji karatasi, na kwa sababu aliyechora alikuwa wao. Balbu ilizima mstari. Jina la baba yake ndilo lililowafumba macho. Masha akamtupia jicho la kumpongeza, na jicho lile lilimchafua kuliko kidole chake. Ami Jibril alikuwa ameshachovya gumba kwenye wino.

Gumato akabonyeza balbu.

Mstari mwekundu ukatokea ukutani, mpana, ukishuka kutoka nyikani hadi mtoni, na ua wa mwekezaji umeukata katikati.

"Kompyuta ina hitilafu kidogo," Masha akasema haraka.

"Haina hitilafu," Gumato akasema. "Malka ilikuwemo. Niliizima mimi."

Gunga alisimama akashika kichwa. "Lo! Hao ng'ombe wangepita kwangu, na tungezikana sisi!" Wazee wakainuka wote kwa pamoja, kila mmoja anasema lake. Mwekezaji akakunja kitambaa chake akaenda garini, Masha akimfuata mbio na kumwomba radhi. Ami Jibril alilifuta gumba lake kwenye shuka lake taratibu mpaka wino ukaisha. Karatasi ilibaki mezani haina alama hata moja.

Malka ilipona. Gumato alijua kazi imekwenda, na hakujali. Alikusanya nyaya zake akahisi kifua kimepungua uzito. Ndipo ami Jibril alipomjia, akasema naye kwa Kiorma ili wengine wasisikie.

"Uliizima lini?"

"Siku ile niliyokuja kwako."

"Kabla ya maziwa au baada?"

"Kabla, ami."

"Ukanywa."

"Nikanywa."

Kwao mzee anapomwombea mtoto dua humtemea mate mepesi utosini, na tangu utotoni ami yake hakuwahi kuagana naye bila hiyo baraka. Gumato akavua ushungi kidogo, akainamisha kichwa, akangoja.

Ami Jibril aliyameza mate yake, akaokota bakora, akaenda zake.