Dirisha la Wakwe

Mjomba alikuja na fundi na nyundo asubuhi, kabla hatujafungua baa. Nikasimama kwenye mlango wa kile chumba kidogo cha mbao, nikatanua mikono, nikasema hapiti mtu. Mtaa mzima wa Mtoni wanajua mimi ni mbishi, lakini siku hiyo ubishi wangu ulikuwa na sababu.

"Kijumba hiki kinakula nafasi bure," mjomba alisema. "Hapa yanaingia mafriji mawili, na meza ya pool inapata pa kukaa."

"Shikamoo, mjomba. Lakini hapa huvunji kitu. Nipe mpaka Pasaka."

"Marahaba. Mpaka Pasaka halafu nini? Bado unatafuta mzungu kwenye simu?"

"Ndiyo, natafuta mzungu kwenye simu."

Fundi akacheka mpaka nyundo ikamponyoka. Waliondoka, ila nilijua watarudi.

Baa ilianzishwa na bibi mzaa mama, mwanamke wa kusini aliyeanza kwa kuuza pombe ya kienyeji uani kwake. Kile chumba kiko pembeni ya kaunta, kina mlango wake wa nyuma na kidirisha cha kusukuma kinachotazama kaunta. Tunakiita chumba cha wakwe. Mama mkwe akitaka bia yake, na mume wa bintiye yuko ukumbini anakunywa, anapita nyuma, anaketi mle na kugonga kidirisha. Hawaonani, na heshima inabaki palepale. Wapo wateja waliotupenda kwa ajili ya chumba hicho tu.

Kasoro yake ni dirisha. Linafunguka upande usiofaa, kiasi kwamba ukipitisha glasi kwa mkono wa kulia lazima vifundo vya vidole vigonge ukingo wa mbao. Nina makovu pale, dada zangu wanayo, hata mjomba anayo. Yeye husema siku zote kwamba aliyelijenga alikuwa amelewa.

Kwa maneno ya bibi, aliyelijenga alikuwa babu yangu, Muairishi aliyekuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara. Alimpenda bibi, akamjengea chumba kama vile vya kwao, akazaa naye mama yangu, akaenda likizo Ireland na hakurudi. Mtaani hawakuamini. Walisema bibi kajitungia mume, na kwamba mama ni mtoto wa mzungu yeyote aliyepita njia. Mjomba ni mtoto wa mume wa baadaye, ana kaburi la baba yake la kwenda kupalilia. Mama alibaki na maneno ya watu. Yaliniuma tangu nikiwa mdogo, na yananiuma hadi leo.

Mwaka jana mama aliugua. Nilikuwa nimemletea uji, akaumaliza, akanirudishia kikombe huku akisema, "Samahani, mkono wa kushoto," kama anavyosema kila siku. Kisha akasema, "Mwanangu, mie sitaki urithi wa mtu. Nataka nijue tu kama mama yangu alisema kweli."

Basi nikaanza. Niliweka picha za chumba kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaotafuta koo zao za Ireland. Waliniambia baa za kwao nyingi zina vyumba vya namna hiyo, wanawake walikuwa wakinywa mle kwa kujificha. Nilifurahi, halafu nikakasirika. Muairishi sawa, lakini yupi? Nilikuwa na jina lake la kwanza tu, na huko kwao jina hilo limejaa tele. Niliandika tena, na tena, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, mpaka wenye kundi wakanizoea.

Pasaka ikiwa imekaribia, akajibu mama mmoja mzee ambaye familia yake ina baa mpaka leo. Aliuliza swali moja tu: dirisha lenu linafunguka upande usiofaa?

Nikaketi chini. Habari ya dirisha sikuwa nimemwandikia mtu, kwa aibu. Nani anaitangaza nyumba yake kwa kasoro?

Tulipigiana simu ya video palepale baa. Mama alivaa kitenge chake kizuri na kumwamkia yule mzee shikamoo, ikabidi nimweleze ajibu nini. Mjomba aliegemea kaunta akijifanya hasikii. Yule mzee akageuza simu, tukaona chumba chao, na dirisha lao, lile lile, na upande ule ule. Alisema baba yake mdogo, mwenye jina lile lile la babu, alikwenda Afrika kujenga barabara, akarudi mgonjwa, akafa. Dirisha lilitengenezwa na baba wa huyo marehemu, na wote wawili walikuwa mashoto. "Sisi wengine tunaumia vidole," alisema, akatuonyesha kovu.

Nikageuka nimtafsirie mama, nikaiweka simu juu ya kaunta kwanza. Mama ni mashoto. Utotoni alichapwa kwa ajili ya mkono huo. Wateja wa kaunta walikataa kupokea glasi ya mkono wa kushoto, ndipo bibi akamweka kwenye dirisha la wakwe, ambako mkono hauangaliwi sana. Alihudumia pale usichana wake wote. Nilishika mikono yake nikaitazama. Haikuwa na kovu hata moja.

Nilipomweleza, mama alilia kidogo, akajifuta. Mjomba alikuwa ameshaingia chumba cha wakwe, anapapasa ule ukingo. Mama akazunguka nyuma ya kaunta, akamimina chai, akasukuma dirisha na kupitisha kikombe kwa mkono wa kushoto. Nikasubiri ile samahani yake.

"Shika chai, mdogo wangu," alisema. "Inapoa."