Mume Wangu Ana Duka la Dawa, Nami Namficha Vidonge Vyangu

Mhariri, jina langu liache pembeni. Nina miaka thelathini na mbili, naishi Misunkumilo hapa Mpanda. Nina watoto watatu, wa nne tulimzika mwaka juzi. Mume wangu ana duka la dawa baridi karibu na soko. Najua mtacheka kwamba nawaandikia nyie badala ya kumwuliza yeye.

Baada ya msiba nililia mpaka machozi yakaniisha, nikawa nakaa tu kama gunia. Nilipokwenda Tabora kumwuguza dada, daktari mmoja alinipima akanipa vidonge vya huzuni. Akasisitiza nisimeze dawa yoyote ya maumivu bila kumwuliza. Vilinisaidia, nikaanza hata kusuka nywele tena. Dada hunitumia vingine kwa treni, navificha kwenye debe la unga.

Mume wangu namjua. Siku moja mteja alileta cheti cha vidonge hivyohivyo. Alipoondoka, mume wangu akasema, "Huyu fyuzi zimekatika. Mwanamke wa hivyo mimi namrudisha kwao, watoto wanabaki." Nikacheka naye. Nilicheka, jamani!

Sasa mgongo unaniuma tangu tulipopanda mpunga. Kila asubuhi ananiletea vidonge viwili vya maumivu na chai, anasimama mpaka nimeze. "Meza, mama watoto. Mke wa mwenye duka ateseke kwa nini?" Nikikataa ataniuliza sababu, basi nameza.

Wiki ya pili hii napata choo cheusi kama masizi, tumbo linawaka, nikisimama naona kizunguzungu. Nilijaribu kuacha vile vya Tabora. Siku ya nne nilijikuta nimekaa kaburini kwa mwanangu, wenzake nyumbani hawajala. Nikavirudia.

Juzi mume wangu alinipeleka hospitali. Daktari akauliza, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia?" Mume wangu akadakia, "Ni hizi zangu tu, daktari, mimi mwenyewe nampa." Wakanigeukia wote wawili. Nikasema hakuna. Habari ya choo nayo niliona aibu kuitaja.

Nikisema ukweli, nahofia watoto wangu watalelewa na mwingine. Nikinyamaza, naona kabisa nakufa, na anayenimezesha dawa ni mtu anayenipenda. Mpaka barua hii itoke gazetini sijui nitakuwa nimemeza vingapi. Nyie mngekuwa mimi, mngeanzaje kumwambia? Nijibuni upesi, naogopa.