Macho ya Dereva

Baba alikuwa dereva wa watalii, Mchaga aliyehamia Karatu kabla sijazaliwa, na hakupenda kuelekezwa na mtu. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi hospitalini. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili walikuja wageni na mashine waliyokuwa wakiijaribu: kamera ya kupiga picha ndani kabisa ya jicho, na kompyuta iliyoisoma picha hiyo yenyewe na kusema nani yuko hatarini kupata presha ya macho.

Nilimdanganya baba kwamba ni vipimo vya leseni. Kompyuta ikaandika kwamba yuko kwenye hatari kubwa. Daktari wetu akampima kwa mkono wake, naye akaona vilevile.

"Naona vizuri," baba akafoka. "Juzi nimemwonyesha mzungu chui juu ya mti, na yeye ana darubini!"

"Mzee, katikati unaona. Pembeni ndiko kunakoliwa," daktari akamwambia. "Kilichopotea hakirudi. Matone haya yatalinda kilichobaki."

"Kidude kinipige picha mara moja, kiyajue macho yangu kuliko mimi?"

Chupa ya matone aliitupa chooni siku hiyohiyo.

Wiki iliyofuata alinipa lifti kwenda Ngorongoro. Baada ya geti la hifadhi tukamgonga ng'ombe ubavuni. "Ametokea wapi huyu?" baba akauliza. Ng'ombe alikuwa kushoto kwetu muda wote. Mimi nilimwona tangu mbali, nikadhani naye anamwona. Mchungaji alitutukana kwa Kimaasai, na baba akamrudishia kwa Kichaga.

Kesho yake nilikwenda kwa tajiri wake, mwenye gari, nikamweleza kila kitu. Baba akanyang'anywa gari.

"Umeniuza," aliniambia mbele ya mama. "Mtoto niliyemsomesha kwa usukani huo huo."

"Ungeua watu, baba."

"Toka kwangu."

Nilitoka. Mama ndiye aliyenunua chupa nyingine na kumtia matone kila asubuhi, akimshika kidevu kama mtoto anayekataa uji. Ni yeye pia aliyeniambia kwamba baba alikuwa akijigonga kwenye mlango mwaka mzima kabla ya vipimo, akimkataza asiseme. Hapo hasira yangu ikaongezeka. Alijua, na bado alipakia watu.

Jicho la kushoto lilizimika baadaye. La kulia bado linasoma gazeti. Nikienda kuwasalimu, baba huchukua kiti chake akahamia uani. Mimi hukaa na mama, nikanywa chai, nikaondoka bila kumuaga.