Papa yangu anaishi kwa nafasi ya mama mwingine

Admin, ficha jina langu. Niko mwanamuke wa miaka 32, ninakaa mutaa wa Mabanga. Ninafanya kazi ya sekretere katika hospitali moja, service ya dialyse, ile mashine inasafisha damu ya watu wenye figo zao zimekufa. Mashine ni chache, watu wanangojea kwa liste ya majina, na liste ni mimi ninaiandika.

Wakati vita ilijaza makambi, alifika mama mumoja mukimbizi, uso na miguu vimevimba, binti yake anamushika mukono. Docteur alimupima, akaandika: huyu wa kwanza. Papa yangu, naye mugonjwa wa figo, alikuwa nyuma yake.

Chef wetu, mukubwa wa service, ni wa kabila yetu. Jina ya kabila sitataja, maana kila kabila hapa itanyooshea ingine kidole. Alisoma jina ya ule mama, akakunja pua.

"Hawa ndio wanatuletea vita, sasa tuwape na mashine? Weka papa yako pale."

"Chef, lakini docteur ameandika..."

Akacheka. "Docteur anasoma kile wewe unaandika. Ao unataka kuzika muzee?"

Niliandika jina ya papa. Ule binti nikamuambia mashine imeharibika. Akanijibu kwa heshima, kama kwa dada yake mukubwa, "Pole na kazi, yaya." Walirudi mara tatu, mara tatu nikadanganya. Mara ya ine ule binti alikuja peke yake kuchukua dosie, karatasi za ugonjwa za mama yake. Mama yake alikufa kambini akiwa ameketi, maana akilala pumzi inakatika.

"Asante, yaya," akasema. "Wewe peke yako ulituongelesha kama watu." Akanikumbatia. Alipotoka nilikimbia choo, nikanawa mikono mara na mara.

Papa sasa anatembea, anakula. Nilipomuelezea yote, hata hakuacha kutafuna. "Chef ni mutoto wetu, alitukumbuka. Wale wengine waende watafute hospitali kwao." Kwao ni wapi, na kumeungua? Papa huyu kila siku ya Mungu anashika rozari! Ninamupenda, lakini nikimuona anakula ninasikia kinyaa. Na mikono yangu ndiyo inanichukiza kupita yote.

Juzi chef ameniletea jina ingine ya kufuta. Bado iko mezani. Nikisema ukweli, watamutoa papa kwenye mashine, atakufa. Nikinyamaza, ninaua tena. Na ule binti, niende nimuambie?

Wenye kunitukana, nimeshajitukana mimi mwenyewe. Wenye mawazo, munisaidie: nishike njia gani?