Nilivyozima usiku wa Espagne saa tisa za muchana, pale Masisi

Nilishika blanketi ya dirisha kwa mikono miwili, nikaivuta, na usiku wa Espagne ukaisha palepale, saa tisa za muchana.

Vumbi lilinyanyuka. Jua likaingia mu salle ya danse bila kubisha hodi. Vijana waliokuwa wanacheza wakasimama wakifinya macho, na muimbaji akabaki kinywa wazi katikati ya neno la Kihispania ambalo hata yeye hakujua maana yake.

Wakuu, salamu kwa wote, wakubwa na wadogo. Nitakayosimulia yalinipata mimi mwenyewe. Muntu anadanganya ili aonekane vizuri, na humu mimi sitaonekana vizuri hata kidogo, basi muniamini.

Wiki hii nimeona vijana munaulizana humu jukwaani juu ya muji fulani wa Espagne, Uhispania. Fiesta iko mwezi gani, disko gani ni ya wageni, malazi wapi. Muende tu. Lakini sisi tuliofika Espagne miaka ya sitini bila kutoka Masisi tuko na neno la kusema.

(Ninaandika kwa kidole kimoja. Mwenye haraka apite.)

Nilikuwa nimesoma masomo ya secondaire miaka mine. Pale kwetu Lushebere, musichana wa secondaire wakati ule alikuwa muntu wa kusomea watu barua, kuandikia watu barua, na kujisikia. Hii ya tatu niliiweza zaidi.

Vijana wa Masisi walipounda comité ya fête, sikukuu ya vijana, wakanifanya secrétaire kwa sababu ya mwandiko wangu. Sikuwa nimeolewa bado.

Kitabu chetu cha géographie kilikuwa na ukurasa mumoja juu ya muji wa Espagne. Picha moja: barabara imejaa vijana wa mashati meupe, kuko taa, kuko gitari. Chini yake wameandika kwamba kule watu wanacheza usiku kucha wiki nzima, na vijana wa inchi zingine wanakuja kujifurahisha nao.

Ukurasa mumoja tu. Sisi tukajenga inchi nzima juu yake.

Fête yetu ilikuwa ya siku tatu. Mupira, mbio za kinga (baiskeli), na danse. Wageni wa Mushaki walikuja kwa miguu. Wa Walikale walikuja juu ya camion, siku mbili njiani, wamekaa juu ya magunia ya muchele.

Shida ilikuwa couvre-feu. Miaka ile, saa kumi na mbili jioni kila muntu awe nyumbani kwake, ao askari watamuuliza. Sasa utacheza usiku kucha namna gani?

Comité ilikaa, ikafikiri, ikahamisha usiku. Njo vile, ndivyo tulivyofanya. Tulikopa mablanketi, tukafunika madirisha ya salle ya masomo, tukawasha lampe ya kupampu. Saa saba za muchana zikawa saa saba za usiku. Ikifika saa kumi na moja tunafungua mulango, wageni wanatoka wakijikwaa kwa mwangaza, kila muntu anakimbia mahali pake pa kulala mbele askari wapite. Tulikuwa tunaona tuna akili sana.

Halafu wakasema fête ya kweli inataka règlement, sheria za kuandikwa. Nani ataandika? Mwenye mwandiko.

Niliandika article sita. Tano waliniambia. Ya ine ilitoka mu kichwa changu mwenyewe.

Niliangalia ile picha tena, nikaona hakuna hata mama mumoja mwenye mutoto mugongoni. Kwetu, siku ya mavuno, mama anacheza na mutoto mugongoni, na mutoto analala kabisa, kichwa kinayumba. Nilijua vile. Mimi mwenyewe nililazwa vile. Lakini picha ilikuwa picha. Nikaandika:

Article ya 4. Ni marufuku kuingia mu salle na mutoto wa kubeba, kwa sababu ya kelele na harufu ya maziwa.

Comité wakapiga makofi. Nikapiga mustari chini yake na règle, rula ya masomo.

Mwaka uliofuata niliolewa na mupiga gitari wa orchestre yetu. Mwaka mwingine nikazaa Solange. Hapo unaona wapi ninaelekea, lakini mimi wakati ule sikuona.

Fête ikarudi. Solange alikuwa na miezi saba, na mimi tangu azaliwe sikuwa nimecheza hata wimbo mumoja. Usiniambie ni jambo dogo. Miezi saba ya kufua, kunyonyesha na kupalilia maharagi, na baba yake anarudi kutoka répétition, mazoezi ya orchestre, akipiga mluzi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilisema nikikosa na hii fête, basi ujana wangu umeisha na hakuna aliyenipa habari.

Asubuhi, Papa Solange alitoka na gitari, na kifurushi kwapani. Sikumuuliza kifurushi cha nini.

Nikaoga, nikavaa kikwembe cha harusi, nikabeba Solange, nikapanda mpaka Masisi. Pa mulango alisimama Faustin. Tulikaa naye banc moja kwenye masomo.

"Dada, karibu," akasema. "Lakini mutoto, apana."

"Apana nini?"

"Article ya ine."

"Faustin, usinichezee. Ondoka pa mulango."

"Mimi sichezi. Iko imeandikwa. Nikusomee, ao utasoma mwenyewe? Mwandiko iko muzuri."

Karatasi ilipigiliwa misumari kwenye mulango. Mustari wangu ulikuwa umenyooka vilevile.

Pembeni, juu ya jiwe, alikaa mama mumoja kijana wa Walikale, ananyonyesha. Naye walikuwa wamemurudisha. Akaniuliza:

"Dada, wewe unajua kusoma. Wanasema nini juu ya maziwa?"

Nikamusomea. Nilisoma polepole, neno kwa neno.

"Siku mbili juu ya camion," akasema. "Mutoto hakulia hata mara moja. Mwenye alilia iko ule mucheza-mupira wetu wa mbele, aliogopa daraja." Akamuhamisha mutoto upande mwingine. "Na huyu muntu mwenye aliandika, yeye hakunyonya?"

"Alisoma sana, mama," Faustin akajibu, akiniangalia mimi. "Secondaire. Miaka mine."

Nikakaza kitambaa cha mutoto mugongoni. Wakuu, nimekosea mambo mengi maishani, lakini kile kimya cha pale pa mulango njo kinaniuma mpaka leo.

Nikazunguka nyuma ya salle. Wazo langu lilikuwa la amani: nimwite Papa Solange dirishani, amushike mutoto kwa wimbo mumoja tu, niingie, nicheze, nitoke. Nilisikia gitari yake upande wa pili wa blanketi, karibu kabisa.

Nikaangalia ile blanketi. Kwenye pembe kulikuwa na kiraka cha uzi wa bluu.

Kiraka kile nilishona mimi. Ilikuwa blanketi ya Solange.

Nikasogeza kidogo, nikachungulia. Baba yake Solange alikuwa anapiga gitari, macho amefunga, anatabasamu peke yake. Yeye kuwa na mutoto hakukumuzuia kuingia. Article yangu haikusema neno hata moja juu ya baba.

Njo pale nilivuta.

Sehemu hiyo munaijua tayari. Kilichofuata ni sauti ya Président wa comité, mwalimu mumoja mutaratibu sana, akiuliza kutoka ndani: "Nani amefungua muchana?"

Papa Solange akaja dirishani. "Mama Solange, unaniharibia jina mbele ya wageni."

"Ninachukua blanketi ya mutoto wangu. Wewe endelea na Espagne yako."

Wageni wakacheka. Mama wa Walikale akacheka kuliko wote. Na Solange, mwenye kelele wa article ya ine, alikuwa amelala mugongoni tangu njiani. Hakujua kitu.

Président akatoka, akasema kwa upole: "Mama, comité haipokei malalamiko ya mudomo. Andika."

Ile ilikuwa article ya sita. Nayo niliandika mimi.

Nikaenda kukaa juu ya jiwe. Nikamuambia yule mama: "Ile article ni mimi."

Akaniangalia kichwa mpaka miguu. Nilingojea anitukane, ningemupa haki.

"Basi andika ingine," akasema.

Faustin alinipa karatasi na bic bila kuombwa. Niliandika palepale, juu ya goti, na siku ileile nikaiweka mu mukono wa Président. Mbele Noël ifike, article ya ine ilifutwa, na kwenye danse iliyofuata mimi nikacheza mpaka viatu vikaachana. Lakini na mablanketi yote siku ile yalipigiliwa misumari.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiwa kijana na unapewa kalamu, usimufungie mulango muntu ambaye kesho utakuwa yeye. Na kabla ya kukasirikia sheria, angalia kwanza mwandiko.

Mwenye kuwa na yake atuambie hapa chini, hasa bamama. Na bapapa wenye gitari, nanyi mujitetee. Barua yenyewe hii hapa, kama ninavyoikumbuka.

Kwa Bwana Président wa Comité ya Fête, Masisi.

Bwana Président,

Mimi, Mama Solange, wa Lushebere, ninashitaki article ya 4 ya règlement yenu. Ninamushitaki kwanza mwandishi wake, ambaye ni mimi. Pili ninaishitaki comité, iliyomupigia makofi.

Kuhusu kelele: mutoto wangu amelala. Anayepiga kelele leo ni mama yake, na article haimutaji.

Kuhusu harufu ya maziwa: kila muntu aliye ndani ya salle alikua kwa maziwa hayo, na orchestre pia.

Ninaomba article ifutwe, ao iandikwe upya, kwamba baba mwenye mutoto wa kubeba naye asiingie. Comité ichague. Ikichagua ya pili, itafute mupiga gitari mwingine.

Mama wa Walikale, ambaye alitoka mbali na kurudishwa kwa maneno yangu, ninamuomba musamaha kwa maandishi, kama règlement inavyotaka. Yeye hajui kuandika, lakini ameweka kidole chake hapa chini, karibu na jina langu.

Alama nyingine ya kidole, ile ndogo, ni ya Solange. Ameamuka sasa hivi.